Sukari, presha na VVU kwa mtu mmoja: njooni ustawi wa jamii mapema

Mtu mwenye sukari, presha na VVU kwa pamoja ana kliniki tatu, na mara nyingi ni siku tatu tofauti za nauli. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania, na watu hawa ndio ninaoshinda nao. Leo naandika hasa kwa walio chini ya miaka 60, kwani wengi wao huamini hakuna msaada unaowahusu.

Ukweli ni kwamba wanabanwa katikati. Mzee asiye na uwezo anatambuliwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wana msamaha wao wa kulipia matibabu. Dawa za kufubaza VVU na za kifua kikuu ni bure. Lakini mtu wa miaka 54 atachukua dawa zake bure CTC, yaani kliniki ya VVU, kisha afike dirisha la pili aambiwe alipie vidonge vya presha. Anarudi nyumbani na dawa moja bila nyingine. Miaka michache baadaye tunaletewa mtu mwenye kiharusi, au ambaye figo zimeshindwa kufanya kazi.

Msamaha wa matibabu una njia mbili tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya 1990. Moja ni ya makundi niliyoyataja. Nyingine ni ya mtu yeyote asiye na uwezo, kijana au mzee, na hiyo inapitia ofisini kwetu. Njoo na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kitambulisho na daftari la kliniki. Tutakuuliza unaishi na nani na mnakula kwa kipato gani. Usione tunakuchimba, bila majibu hayo hatuwezi kukuombea. Na tafadhali, uje ukiwa bado unatembea. Ukisubiri siku ya kuruhusiwa wodini, bili imeshapanda na ndugu wameshaanza kuuza mali.

Ukija, beba dawa zako zote, hata za mitishamba. Mama mmoja aliumwaga mfuko wake juu ya meza yangu: boksi la Glucophage la duka la dawa, na bahasha ya metformini, dawa ya sukari, aliyopewa kituo cha afya. Alikuwa anameza vyote asubuhi na jioni akijua ni dawa mbili, kumbe ni ileile. Chini ya mfuko, ndani ya soksi, kulikuwa na kopo la dawa za VVU zenye dolutegravir, ambayo hupandisha kiwango cha metformini mwilini. Anayetumia zote mbili hushauriwa metformini isizidi miligramu 1000 kwa siku. Yeye alikuwa ameshavuka. Kliniki ya sukari haikuwa na habari, maana muuguzi wa pale ni jirani yake na aliogopa kusema. Namwelewa kabisa. Tulimwona daktari siku ileile, faraghani. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamlinda mgonjwa: mhudumu wa afya haruhusiwi kuitangaza hali yake. Mwambie basi daktari anayekuandikia dawa, hata kama ni yeye peke yake.

Omba pia tarehe zisogezwe. Mwenye VVU ambaye hali yake imetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, wakati wa presha anaitwa kila mwezi. Mara nyingi muuguzi wa zamu akiombwa huzikutanisha siku moja, na nauli inayobaki inanunua dawa.

Wengine hunisihi niwaandikishe TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Hilo halifanyiki mezani kwangu. Kaya maskini hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Mgonjwa akiwa kitandani siku hiyo, ndugu au jirani aende akaitaje kaya yake, aeleze wazi nani anaumwa na nani ameacha kazi ili amuuguze.