Staa amepungua, sawa, lakini ni hiyo chai ndio imempunguza?

Wengi wetu huku Nairobi tunaamini staa akipost picha za kabla na baada, basi ile chai ama programu anayotangaza ndio ilimpunguza. Si ajabu kuamini, macho yako yameona tumbo limeisha.

Lakini staa kawaida analipwa kutangaza, na picha haikuambii kama ana mpishi, trena wa kila asubuhi, sindano za daktari ama alifanyiwa opresheni. Anaweza kuwa amepungua kweli kabisa na sababu iwe ingine.

Chukua pakiti ya hizo chai za tumbo zinauzwa tao, soma nyuma. Nyingi zina sanamaki, ile ile watu huchemsha wakikosa choo. Inakuendesha, unapoteza maji, mizani inashuka na unafurahi, kumbe mafuta yako palepale na ukila na kunywa vizuri kilo zinarudi. Hata ukiacha ugali na chapo wiki ya kwanza utashuka haraka, juu kila gramu 1 ya wanga uliohifadhiwa mwilini inashika maji kama gramu 3, na hayo ndio hutoka kwanza.

Kujichekia si ngumu. Tafuta yale maandishi madogo chini, "matokeo hutofautiana" ama "tangazo la kulipiwa", kisha piga skrinshoti utafute hiyo picha kwa intaneti, wakati mwingine utaikuta inauza kitu tofauti kabisa. Cheki pia taa, nguo, na kama amevuta tumbo ndani.

Na kama una presha, sukari ama mimba, tafadhali onyesha daktari hiyo pakiti kabla hujachemsha maji.