Maana ya ufuatiliaji wa maambukizi ya damu yanayohusishwa na katheta

Mgonjwa wa figo anayeanza kusafishwa damu Nakuru, Kisumu au Eldoret mara nyingi huwekewa katheta shingoni, kwa kuwa mshipa wa mkono unaotayarishwa kwa upasuaji huhitaji wiki kadhaa kabla ya kutumika. Mpira huo mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa mkubwa hadi ncha yake ifike karibu na moyo. Katheta za mshipa mkuu huwekwa pia kwa wagonjwa mahututi wanaohitaji dawa kali, na kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati ambao bado hawawezi kunyonya. Nazo ni tofauti na kanula ndogo ya mkononi ambayo karibu kila aliyewahi kulazwa anaifahamu. Njia inayopeleka dawa hadi moyoni inaweza kupeleka bakteria vilevile, ama kutoka kwenye ngozi pale ilipoingia, ama kupitia kifuniko kinachofunguliwa kila mara dawa inapotiwa.

Ufuatiliaji ni kazi ya kuyahesabu maambukizi hayo siku baada ya siku kwa kanuni isiyobadilika, kisha kuwarudishia hesabu hiyo wauguzi na madaktari wa wadi husika. Kanuni inayotumiwa na wengi ni ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Kwa kanuni hiyo, maambukizi huhesabiwa iwapo katheta imekaa zaidi ya siku 2 mfululizo, iwapo bado ipo au imetolewa siku maambukizi yalipoonekana au siku iliyotangulia, na iwapo bakteria walioonekana kwenye damu hawakutoka mahali pengine mwilini, kwa mfano kwenye nimonia, kidonda au njia ya mkojo. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu hawahesabiwi kwa sampuli moja tu: ni lazima waonekane katika sampuli mbili zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti, na mgonjwa awe na dalili kama vile homa inayozidi nyuzi 38. Kanuni hii ni ya kuhesabia, wala haikusudiwi kumwamulia daktari matibabu. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi siku ya pili anastahili kutibiwa hata kama hataingia kwenye hesabu.

Idadi ya maambukizi pekee haitoshi. Tuseme wadi moja imepata maambukizi 3 na nyingine 2 katika kipindi kilekile. Wadi ya kwanza itaonekana mbaya zaidi mpaka tuulize wagonjwa wake walikaa na katheta kwa siku ngapi. Ndiyo maana kila siku, kwa saa ileile, muuguzi hupita vitandani na kuhesabu wagonjwa wenye katheta ya mshipa mkuu, na mwenye katheta mbili huhesabiwa mara moja tu; jumla ya hesabu hizo za kila siku ndiyo siku za katheta. Ikiwa wadi ya kwanza ilikuwa na siku 600 za katheta na ya pili 200, viwango vyao ni 5 na 10 kwa kila siku 1,000, na sasa tunaona ni wapi pa kuanza kutafuta kasoro.

Jambo ninalotamani kila msimamizi wa hospitali alielewe ni kwamba hesabu hii yote inategemea damu kuoteshwa maabara, yaani kutiwa kwenye chupa ili bakteria waliomo wakue na kuonekana. Pale ambapo chupa za kuoteshea zimekwisha, au mgonjwa mwenye homa hupewa dawa za bakteria kabla damu yake haijachukuliwa, ripoti itaandika sifuri huku watu wakiugua. Kwa hiyo sifuri haiaminiki mpaka iambatane na idadi ya sampuli zilizooteshwa. Hata hivyo, sifuri ya kweli inawezekana. Katika jimbo la Michigan, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 kutoka zaidi ya vyumba 100 vya wagonjwa mahututi yalionyesha kiwango cha kati (kile kilicho katikati viwango vya vyumba vyote vikipangwa kwa ukubwa) kikishuka kutoka 2.7 hadi 0 kwa kila siku 1,000 za katheta. Hatua zilizochukuliwa huko zilikuwa tano: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa na mtoa huduma kikamilifu wakati wa kuweka katheta, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), kuepuka mshipa wa kinena, na kuondoa katheta isiyohitajika tena.

Hatua hiyo ya mwisho ina athari yake kwenye hesabu. Wadi inayoondoa katheta mapema hubaki na siku chache za katheta, na hizo ni za wagonjwa walio taabani zaidi, hivyo kiwango chake kinaweza kupanda ilhali waliodhurika wamepungua. Kwa sababu hiyo, kando ya kiwango cha maambukizi huandikwa pia uwiano wa matumizi, yaani siku za katheta zikigawanywa kwa jumla ya siku za wagonjwa wote waliolazwa wadini humo.