Mzazi aseme mpole, mwalimu aseme mtukutu: nani mwongo?

Wiki hii nimeulizwa tena: "Sasa daktari, kati yangu na mwalimu nani anadanganya?" Mama alikuwa na madodoso mawili, yaani karatasi za maswali kuhusu tabia za mtoto wake wa miaka 5: lake na la mwalimu wa chekechea. Ukiyasoma utadhani ni watoto wawili.

Dhana: Majibu yakipishana, mmoja anadanganya.

Hapana, na naomba tuiache kabisa kauli hii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Thomas Achenbach na wenzake walijumlisha tafiti 119. Kwenye kipimo ambacho 1 ni kukubaliana kikamilifu, watu wanaomwona mtoto katika mazingira yaleyale, kama baba na mama, walipata wastani wa 0.60. Wanaomwona katika mazingira tofauti, kama mzazi na mwalimu, walipata 0.28. Kupishana ndiyo hali ya kawaida!

Mtoto anayezurura uani na wadogo zake wawili, akila akisikia njaa, ndiye huyohuyo anayebanwa kwenye dawati na wenzake hamsini na kuambiwa anyamaze. Mwalimu anamlinganisha na darasa zima. Mzazi ndiye anayejua kwamba usiku hulia akitajiwa shule. Wapo watoto wanaoongea nyumbani kama cherehani, ila shuleni hawatoi neno mwaka mzima. Dodoso la mama peke yake lisingenionyesha shida hiyo. La mwalimu peke yake lingenifanya nidhani mtoto hajui kuongea. Nikiyaweka pamoja ndipo naona tatizo liko wapi.

Kwa hiyo msiniletee sifa, nileteeni tukio. "Mkaidi" hainisaidii. "Jumanne, kabla ya uji, alirusha daftari alipoambiwa aanze upya" inanisaidia sana. Mzazi na mwalimu waandike hivyo kwa wiki mbili, kila mmoja kivyake, bila kuoneshana. Nalisisitiza hili kwa kila familia, na bado wengi hurudi na neno moja: "msumbufu."

Dhana: Mwalimu ameona watoto wengi, neno lake ndilo la mwisho.

Uzoefu wake nauheshimu. Lakini mtoto mdogo kuliko wenzake darasani huonekana hatulii kwa sababu tu analinganishwa na waliomzidi karibu mwaka mzima. Mwangalieni tarehe ya kuzaliwa kwanza. Na mtoto mwenye hofu, aliyekaa kimya nyuma, hupita bila kuonekana.

Dhana: Dodoso moja lenye alama za juu linatosha kusema ana ADHD (tatizo la kushindwa kutulia na kuwa makini).

Halitoshi. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, vinataka dalili kadhaa zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Dodoso ni la kuchuja tu.

Dhana: Akitulia shuleni na kulipuka nyumbani, mama amemdekeza.

Wengi hujizuia kutwa nzima, wakaachia wanapofika kwa mtu wanayemwamini. Mpe chakula na nusu saa ya kupumzika kabla ya kumuuliza habari za shule, kisha uandike kilichotokea.