Barafu ikiangusha nyaya, mkaa ubaki nje

Kila msimu wa baridi ukikaribia hapa Kentucky, Marekani, napigiwa simu na jamaa wa Kongo, Burundi na Tanzania wanaoishi Louisville na miji ya jirani, na swali ni lilelile: umeme ukikatika kwa ajili ya barafu tufanyeje? Wengine huuliza huku wakicheka. Mtu aliyekulia kwenye mgao wa umeme, akasoma kwa koroboi na kula chakula kilichopikwa kwa mkaa, haoni kwa nini atishwe na giza la siku mbili. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na huwajibu kwamba katika mambo yote yanayokuja na barafu, giza ndilo dogo.

Kwetu umeme ukikatika, nyumba inabaki nyumba. Maji yamo ndooni, jiko liko uani, hewa inapita madirishani na chini ya bati. Huku nyumba nzima imefungwa kwenye waya. Hita kuu, hata ile ya gesi, inahitaji umeme ili iwashe moto na kuzungusha feni inayosukuma joto vyumbani, kwa hiyo anayesema “sisi tuna gesi” naye atalala kwenye baridi. Wa mashambani wanaovuta maji ya kisima kwa pampu wanakosa hata maji. Halafu nyumba yenyewe imezibwa kila ufa ili joto lisitoroke. Hilo la kuzibwa ndilo linaloua, nitalirudia.

Kwanza barafu yenyewe, maana wengi hudhani theluji ndiyo huangusha nyaya. Theluji kavu haina shida sana. Balaa ni mvua inayoganda. Juu angani theluji hupita kwenye tabaka la hewa ya uvuguvugu ikayeyuka kuwa mvua, kisha karibu na ardhi inakuta tabaka jembamba la hewa iliyo chini ya sifuri. Tone halipati muda wa kuganda likiwa hewani. Linafika bado ni maji, lakini yenye baridi kupita kiwango cha kuganda, na likigusa waya, tawi au kioo cha gari linaganda papo hapo. Tone jingine linakuja juu yake, na jingine.

Hesabu yake inatisha kidogo. Chukua waya wa laini wenye unene wa sentimita 1. Ukivikwa barafu ya sentimita 1.25 pande zote, kila mita inaongezewa karibu kilo 0.8, na waya wenyewe mtupu una kama kilo 0.2 tu kwa mita. Kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 50, hizo ni kilo 40 za ziada kwa waya mmoja. Barafu ikifika sentimita 2.5, uzito hauishii kuwa maradufu, unakuwa mara tatu. Ongeza matawi yanayovunjika juu ya laini, ongeza upepo wa siku ya pili, utaelewa kwa nini watu hulala na taa na kuamka hawana, ilhali mvua ilishakoma.

Januari 2009 jimbo hili lilipata dhoruba ya namna hiyo, tarehe 26 hadi 28. Wateja zaidi ya 700,000 walikosa umeme, na gavana Steve Beshear akaita wanajeshi wote wa Army National Guard wa Kentucky, yaani jeshi la akiba la jimbo. Kanada wao husimulia ya 1998: kusini mwa Québec mvua iliganda kwa siku kadhaa mfululizo, minara mikubwa ya chuma ya kusafirisha umeme ikajikunja na kulala chini, na zipo familia zilizokaa gizani zaidi ya mwezi, katikati ya Januari. Mtu akikuahidi kwamba umeme utarudi jioni, mshukuru, lakini jipange kwa wiki.

Sasa mkaa. Kuna mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye mkaa huuita makala, aliniambia: “Ndugu yangu, makala tumepikia tangu utoto. Nani alikufa?” Nikamwambia, mama, ulikuwa ukipikia mahali pasipo na dari. Na hata kwetu watu hufa. Kwenye nyanda za baridi, Njombe au Limuru, magazeti huandika habari za familia zilizoingiza jiko chumbani usiku wa baridi, zikafunga dirisha na hazikuamka. Huku kila chumba kimefungwa namna ile, usiku na mchana.

Mkaa ukiungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka bila kubeba hewa unayoihitaji. Makaa yanayoonekana mazuri kuliko yote, yale mekundu yaliyokwisha kutoa moshi na kuanza kufunikwa na majivu, bado yanaitoa, na hayo ndiyo watu huyaamini wakayabeba hadi chumbani. Desemba 2006 upepo mkali ulipokata umeme eneo la Seattle, watu wengi walikimbizwa hospitali kwa gesi hii, idadi kubwa wakiwa wahamiaji waliokuwa wameingiza mkaa ndani. Texas Februari 2021 mambo yakajirudia, safari hii na magari yaliyoachwa yakinguruma kwenye gereji zilizoungana na nyumba.

Dalili zake hufanana na mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Watu wa nyumba moja wakiumwa vichwa kwa pamoja na hakuna mwenye homa, wote watoke nje saa hiyohiyo, watoto na wajawazito mbele, ndipo mpige 911, namba ya dharura. Msianze kufungua madirisha na kujadiliana. King'ora cha kutambua gesi hii hakina bei ya kutisha. Nunueni chenye betri, kwa sababu kile cha kuchomekwa ukutani peke yake kitazima pamoja na taa, siku mnayokihitaji.

Jiko la gesi la kupikia, mafiga yake ya juu mara nyingi huwaka kwa kiberiti, na kuchemsha chai ni sawa. Kuliacha liwake ili chumba kipate joto si sawa, kwa sababu hiyohiyo ya gesi, na pia watoto wamejazana pale.

Joto basi litoke wapi? Kwenye miili yenu na kwenye kuta. Chagueni chumba kimoja, kidogo, chenye madirisha yanayopata jua la kusini, mwingie wote humo. Ningeni mablanketi madirishani na mlangoni, wekeni taulo chini ya mlango. Familia zetu zina bahati hapa, watu saba kulala chumba kimoja si jambo geni. Nguo nyingi nyembamba zilizopandana hushinda koti moja zito, na kofia usiku si mzaha. Mzee akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, au akianza kuongea kama mlevi, huyo ni wa hospitali. Mwenye kisukari aiweke insulini karibu na mwili ili isigande, maana ikiganda imeharibika.

Maji: ili mabomba yasigande na kupasuka, acheni koki zichuruzike kidogo, ya moto na ya baridi, na mfungue milango ya kabati chini ya sinki. Mjue mapema ilipo koki kuu ya nyumba, kwa sababu bomba likipasuka, kuitafuta gizani huku maji yanamwagika darini ni adhabu. Friji isipofunguliwa hushika ubaridi kama saa 4, friza iliyojaa saa 48. Nyama msiianike barazani, jua la mchana na wanyama hawana adabu. Gandisheni chupa za maji nje, kisha zirudisheni ndani ya friji.

Jenereta ndiyo inayonikosesha raha kama fundi. Ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi wake ukielekea mbali na madirisha. Na msithubutu kuichomeka kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili. Nimeuona waya huo kwenye nyumba zaidi ya moja, umetengenezwa na shemeji “anayejua umeme”. Transfoma haichagui upande. Ile inayoshusha volti 7,200 za barabarani kuwa 240 za nyumbani, ukiilisha 240 kutoka chini, itazipandisha kuwa 7,200 tena, na juu ya nguzo yuko kijana anayeamini laini imekufa. Kuna swichi maalumu inayohakikisha jenereta na laini ya barabarani havishikani hata siku moja. Inafungwa na fundi mwenye leseni, kwa kibali. Hadi muifunge, tumieni nyaya za kawaida za kurefushia umeme (extension), zile za kutumika nje, kutoka kwenye jenereta hadi kwenye friji moja kwa moja.

Mtajiuliza kwa nini jirani wa ng'ambo ya barabara kapata taa na ninyi bado. Hakuna upendeleo. Kampuni ya umeme huanza na njia kuu na vituo vya kupoozea umeme, pamoja na hospitali na mitambo ya maji, kisha laini zinazolisha mitaa mingi, mwisho vitawi vya nyumba chache. Jirani yule huenda yuko kwenye laini nyingine kabisa. Lakini kabla ya kulalamika, tokeni mchana mkatazame ukuta wenu, kwa mbali, bila kugusa waya wowote ulioanguka. Lile bomba linalopitisha nyaya za umeme kutoka juu ya paa hadi kwenye mita ni mali ya mwenye nyumba, si ya kampuni. Tawi likiling'oa, kampuni haitawaunganisha hadi fundi alitengeneze na mkaguzi apitishe, na foleni yetu mafundi wiki hiyo ni ndefu. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba siku hiyohiyo, tena kwa maandishi.

Wakati mnasubiri, zimeni breka (zile swichi za kukatia umeme kwenye boksi kuu la nyumba) za hita, za jiko la umeme na za tangi la maji ya moto, mkiacha taa moja iwashwe ili mjue umeme umerudi. Mtaa mzima uliopoa kwa siku nne ukiwasha kila kitu kwa mpigo, laini huzidiwa na kuzima tena, na mafundi wanarudi palepale. Umeme ukikaa dakika kadhaa bila kuyumba, washeni hita kuu kwanza, kisha friji, tangi la maji liwe la mwisho, na hilo la mwisho mkishahakikisha lina maji ndani. Tangi la umeme likiwashwa likiwa tupu linaunguza koili zake kwa muda mfupi sana, na hapo mtanipigia tena.