Mtoto wako akipata rafiki anayelala nje

Katika kazi yangu na wasichana wanaolala nje hapa Lubumbashi, Kongo, wazazi huniletea swali hili: binti yetu ana miaka 15, anasoma vizuri, na sasa amezoeana na msichana wa miaka kama 20 asiye na pa kulala. Tumkataze? Nawajibu wasimkataze. Urafiki uliokatazwa haufi, unajificha, na ukishajificha hakuna mtu mzima anayejua wanakutana wapi, saa ngapi, na nani mwingine yuko pale. Kazi ya mzazi ni kuufanya uonekane, kisha kuuwekea mipaka ambayo hata huyo yaya (dada mkubwa, ndivyo tunavyosema kwetu) wa nje anaijua na ameikubali.

Kwanza mjue ni nani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhusu aliye chini ya miaka 18. Akiufikisha umri huo, vituo vya watoto vinamhesabu mtu mzima. Wavulana wana nyumba zinazojulikana mjini, kama Bakanja ya Wasalesiani, watawa Wakatoliki; msichana mkubwa ana pachache mno pa kupiga hodi. Wengine walifukuzwa kwa sababu ya mimba: kwao wakasema aende kwa mwenye mimba, na kwa mwenye mimba wakamkana. Wengine walikuwa wakifanya kazi za nyumbani, wakaachishwa bila nauli ya kurudi walikotoka. Wengine waliitwa wachawi wangali wadogo, baada ya kifo au ugonjwa ndani ya nyumba, ingawa Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi na kusema kosa hilo liadhibiwe.

Kwa macho tu hutamtambua. Msichana anayelala nje hujitahidi kuwa safi, maana akionekana mchafu anafukuzwa sokoni, na wanaume wabaya wa usiku wanamjua upesi. Mchana anaosha sahani kwa mama wa malewa (mgahawa wa mtaani), anabeba mizigo, anauza maji ya mfuko, anasuka nywele. Kusuka kunaleta marafiki kuliko kazi nyingine zote, kwa sababu mwanafunzi anakaa mbele ya msusi saa tatu au nne, na kwa muda huo watu husimuliana mengi. Kijana wenu anapata mkubwa anayemsikiliza bila kumlinganisha na dada zake. Yaya naye anapata mtu anayemwita kwa jina lake badala ya kumwita shege, yaani mtoto wa mtaani. Msione ni jambo dogo. Msichana ambaye kuna mtu mmoja anayemngoja huanza kutunza miadi, na bila miadi kutunzwa hakuna matibabu wala mafunzo yatakayofika mwisho.

Sasa mipaka. Jua la Lubumbashi huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, basi kijana awe njiani kurudi ifikapo saa 11. Wakutane penye watu: kwenye meza ya mama muuzaji anayewafahamu wote wawili, kwenye uwanja wa parokia, au ndani ya lupango lenu, yaani uani kwenu. Anapolala yaya, kijana asiende hata mchana. Hapo kuna wenzake asiowajua, mara nyingi kuna mwanaume anayejiita mlinzi wao na kudai malipo, na polisi wakifanya msako usiku wanapakia kila wanayemkuta.

Wazazi huogopa hatari inayomfuata mtoto wao. Iko, lakini mimi nawaomba waangalie pia hatari inayotoka kwa mtoto wao kwenda kwa yule msichana, kwa sababu hiyo hakuna anayeilinda. Kijana anapiga picha wakiwa wawili, anaiweka kwenye WhatsApp, na mtu ambaye yaya alimkimbia anajua yuko sehemu gani ya mji. Kijana anawatajia wenzake wa darasani baraza la duka analolala. Baya zaidi ni ahadi. "Nitamwambia mama, utakuja kukaa kwetu." Msichana anaamini, anawaaga wenzake, usiku uleule nafasi yake barazani inachukuliwa na mwingine, kesho mama anakataa, na sasa hana hata lile baraza. Mfundisheni mtoto kuahidi kile tu kilicho mkononi mwake: kwamba Jumamosi saa 8 mchana atakuwa pale. Asipoweza kufika, apeleke habari kwa mama muuzaji.

Kuhusu vitu, nia njema inapotea kwa kukosa ujuzi. Fedha nyingi za mkono mmoja hazilali naye: wenye nguvu wananusa na kuzichukua kabla ya asubuhi, pengine kwa kipigo. Kama anazo zake anazotaka kuweka, akaunti ya M-Pesa au Airtel Money ni salama kuliko kuzificha nguoni, kwa sababu simu ikiibwa fedha zinabaki kwenye namba, mradi namba iliandikishwa kwa jina lake na namba ya siri hamwambii mtu. Hapo kitambulisho kinahitajika, na wengi kwetu wanatumia kadi ya mpiga kura. Mzazi anaweza kumtunzia nakala ya kadi hiyo au ya cheti cha kuzaliwa katika bahasha. Ni msaada mkubwa usiogharimu karibu kitu.

Chakula kiwe kimepikwa, kiasi cha kumaliza papo hapo: bukari (ugali), sombe (kisamvu), samaki. Unga mbichi haumfai, hana mbabula (jiko la makaa) wala sufuria. Cha kubeba kiwe karanga za kukaanga au mikate. Sabuni mpeni kipande, si mche mzima. Pedi za kitambaa zinataka maji mengi na kamba ya kuanikia juani, vitu ambavyo hana. Mnunulieni za kutupa, na kimfuko cha kuzifichia, kwa kuwa inafaa kubadilisha kila baada ya saa 4 hadi 6.

Kuhusu mwezi wa 6 na wa 7, tafadhali nisikilizeni kwa makini. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200, na usiku wa kipwa, yaani kiangazi, baridi inashuka hata chini ya nyuzi 10. Watu wanakimbilia kutoa blanketi jipya. Blanketi jipya linaibwa siku ya kwanza, au linauzwa. Tena baridi kali inatoka chini, kwenye simenti. Makatoni matatu manne yaliyopangwa moja juu ya jingine yanamfaa kuliko blanketi la pili la kujifunika. Juu avae nguo mbili tatu nyepesi zilizopandana, soksi, na kitambaa kichwani. Kilicho mwilini ni vigumu kuibwa. Nguo ziwe za kawaida, zilizokwisha kuvaliwa. Mvua ikianza, kuelekea mwezi wa 11, kinachotakiwa ni plastiki nene ya kulalia na nyingine ya kujifunika, maana makatoni yakilowa hayafai tena.

Kuna mambo ambayo kijana haruhusiwi kuyaweka siri, na aambiwe hivyo mapema, mbele ya yaya mwenyewe, ili siku ya kusema asionekane msaliti. Yaya akibakwa. Akisema anataka kufa. Akipata mtu anayemwahidi kazi mbali, Kasumbalesa mpakani na Zambia au ng'ambo ya mpaka, bila kumwonyesha mwajiri. Na mtu mzima yeyote akianza kumtuma au kumwomba kitu kijana wenu mwenyewe.

Kwa ubakaji, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinaanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120, lakini nguvu yake inapungua kadiri muda unavyopita. Mtu mzima amsindikize hospitali, kwa mfano Sendwe, akiwa bado hajaoga kama inawezekana, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa ndani ya plastiki unyevu unaharibu ushahidi. Kama ameshaoga, aende vilevile. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi. Mashtaka ataamua baadaye. Kinachoharibu hapa ni aibu: msichana anamwambia kijana siku ya nne, au kijana analala na siri siku mbili akitafuta la kufanya.

Nawashauri wazazi wamkaribishe nyumbani, mchana, siku iliyopangwa. Ale pamoja na wote, kwenye meza au mkeka uleule, sahani ya aina ileile. Mwambieni tangu mwanzo saa ya kumaliza, ili asikae akijiuliza kama anafukuzwa. Msimhoji. Muulizeni anasuka mitindo gani, anatoka upande gani, kisha nyamazeni. Kumlaza ni jambo jingine. Hilo ni la watu wazima kuamua, kwa siku zinazotajwa, shefu wa kartie (kiongozi wa mtaa) akijua, na kitanda kikiwepo. Mtoto asiwe ndiye aliyeliomba kwa machozi.

Kumrudisha kwao pia si kazi ya kijana. Sisi tunaanza kwa kumsikiliza mara kadhaa, ndipo tunatembelea familia bila yeye, tunamtafuta yule mjomba au nyanya anayemtaka kwa kweli, halafu anakwenda kusalimu na kurudi, kabla hajahamia. Akipelekwa siku moja na kuachwa, familia inampokea mbele ya wageni, na baada ya wiki chache yuko nje tena, safari hii akiona aibu kuonekana mbele yetu. Mafunzo ya ushonaji nayo yasitangulie pa kulala: asiyelala usiku anasinzia kwenye mashine, anachelewa, anaachishwa, na watu wanasema ni mvivu.

Na siku moja huenda asionekane. Wanahama, kwenda Likasi, Kolwezi, popote penye tetesi za kazi. Kijana asimtafute usiku, wala asibandike jina lake mtandaoni. Mzazi aulize kwanza kwa mama muuzaji, kisha hospitali, kisha kasho (mahabusu) la polisi, na aende mwenyewe kwa miguu yake, kwa sababu kwa simu hawajibu. Pale pale kwa mama muuzaji aache ujumbe: siku ya kukutana ni ileile, saa ileile.