Flashi haifunguki kwenye Openbox: usianze kuilaumu PCManFM

Ukisimika Debian 12 (mfumo wa Linux) bila eneokazi kamili, ukaweka Openbox (kisimamizi cha madirisha) na PCManFM (programu ya faili) kwa `apt install --no-install-recommends`, unapata mfumo mwepesi sana. Kisha unachomeka flashi, dirisha kimya. Au inaonekana pembeni, lakini ukiibofya unajibiwa "Not authorized to perform operation". Wengi hapo huitoa PCManFM na kuweka Thunar, programu nyingine ya faili, na tatizo hubaki palepale.

Hubaki kwa sababu programu ya faili haipachiki diski yenyewe, yaani si yenyewe inayoiunganisha na mfumo ili faili zisomeke. Kerneli huitambua flashi, udisks2 huipachika, polkit huamua kama una ruhusa, na gvfs hupeleka habari hadi kwenye dirisha. Maeneokazi kamili kama GNOME na Xfce huandaa vyote hivi, ukiacha kerneli, bila wewe kujua. Openbox haiandai hata kimoja, na ile `--no-install-recommends` mara nyingi huviacha nje kabisa.

Kwa hiyo pima kwanza kwenye teminali, ukiipita programu ya faili:

`lsblk -f`
`udisksctl mount -b /dev/sdb1`

Badala ya sdb1 andika jina uliloliona kwenye lsblk. Ukijibiwa "Mounted /dev/sdb1 at /media/…", udisks2 na ruhusa viko sawa. Kinachokosekana ni gvfs, au D-Bus, njia ambayo programu hupeana ujumbe, imevurugika. Amri ikikataa pia, shida iko chini zaidi. Jaribio hili la nusu dakika linakuokoa saa nzima ya kubahatisha.

Vifurushi vinavyohitajika ni hivi:

`sudo apt install udisks2 gvfs gvfs-backends lxpolkit dbus-user-session`

Bila gvfs hata kikapu cha taka hakifanyi kazi, na bila gvfs-backends simu ya Android iliyounganishwa kwa waya haitafunguka. Kisha ongeza `lxpolkit &`, programu inayokuuliza nenosiri kwa niaba ya polkit, kwenye `~/.config/openbox/autostart`. Usisahau alama ya `&`; bila hiyo mistari inayofuata inasubiri lxpolkit imalize, nayo haimalizi. Toka kabisa na uingie upya, kufunga dirisha tu hakutoshi.

Kuhusu ruhusa, tofautisha mambo mawili. Flashi haihitaji nenosiri kwa mtu aliyeketi mbele ya mashine, ilhali patisheni (sehemu) ya diski ya ndani huhitaji la msimamizi. Diski ya ndani ikikataa bila hata kukuuliza nenosiri, lxpolkit haijawaka. Flashi ndiyo ikikataa? Angalia `loginctl session-status`: panapaswa kuandikwa "State: active". X (mfumo unaochora madirisha) ikiwashwa kwenye tty (teminali ya kuingilia) tofauti na ile uliyoingilia, mfumo hukuhesabu kama hupo mbele ya skrini.

Kosa ninaloliona limenakiliwa kila mahali ni `exec dbus-launch openbox-session` ndani ya `.xinitrc`, faili inayosomwa X inapowashwa kwa `startx`. Ukiwa na dbus-user-session, D-Bus yako tayari ipo; mstari huo unafungua ya pili, gvfs inabaki kwenye moja na dirisha linasikiliza nyingine. Andika `exec openbox-session` tu, kisha hakikisha `echo $DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS` inataja `/run/user/1000/bus` (1000 ni namba ya mtumiaji wa kwanza).

Diski iliyotoka Windows ni kesi nyingine. Ikifunguka kwa kusomwa tu, au ikikataa na `sudo dmesg` ikataja "volume is dirty", kwa kawaida Windows haikuzimwa kikamilifu. Irudishe huko, uzime kwa `shutdown /s /t 0`, na kama diski ina hitilafu pitisha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Kulazimisha kuandika juu ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) iliyolala ni kuhatarisha faili za mtu, sishauri kabisa.

Picha ndogo za faili zisipotokea, PCManFM kwa kawaida huruka faili zinazozidi KB 2048; badilisha `thumbnail_max` kwenye `~/.config/libfm/libfm.conf` wakati programu imefungwa. Thunar inahitaji tumbler, kifurushi cha kutengeneza picha hizo. Na kama umerekebisha yote bado hakuna picha, futa `~/.cache/thumbnails/fail`, maana huko ndiko huweza kutunzwa kumbukumbu za majaribio yaliyoshindwa, na faili iliyoandikwa humo huenda isijaribiwe tena.