Baiskeli nzito si lazima iwe imara

Mzazi akinyanyua baiskeli ya mtoto pale Kariakoo na kuiona nzito, husema: "Hii chuma, itadumu." Wapi! Mara nyingi uzito huo ni bomba nene la chuma cha bei rahisi, na kwa hewa ya chumvi ya Dar hushika kutu kuanzia ndani. Mtoto wa kilo 20 akipewa baiskeli ya kilo 12, anasukuma zaidi ya nusu ya uzito wake; kwenye mchanga wa mtaani ataitelekeza.

Nenda na sumaku. Isiponata kwenye fremu, mara nyingi hiyo ni aluminiamu, nyepesi na haishiki kutu. Kama ni mtumba, kagua palipochomelewa, hasa karibu na usukani. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, iache. Chomoa na bomba la kiti: likigoma, limeganda humo, na mtoto akirefuka hutalipandisha.